Sindano Juu ya Maji

Kila siku akitoka shule, Sindano alikuwa na kazi tatu kabla ya kula. Kwanza alifagia nyuzi na vipande vya turubai chini ya meza ya mama yake. Pili, aliburuta sakafuni sumaku kuukuu iliyofungwa kamba, ikaokota pini zote zilizojificha kwenye nyufa. Tatu, aliitia cherehani mafuta, tone moja hapa, tone moja pale, kutoka kwenye mkebe wenye mdomo mrefu kama wa ndege.

Sindano halikuwa jina lake la shuleni. Bibi yake ndiye aliyemwita hivyo, kwanza kwa wembamba wake, pili kwa sababu hakuweza kupita mahali bila kuchomachoma kwa maswali. Mama yake naye, mtaa mzima ulimwita Fundi. Alishona mahema. Alishona mahema ya biashara, ya mikutano na ya shughuli za watu, na watu walitoka mbali kuja kuyatafuta kwa sababu moja tu: hema la Fundi halivuji.

Fundi alikuwa na desturi yake. Hakuna hema lililotoka uani kwake bila kuogeshwa. Baada ya kulisimamisha, aliingia chini yake na kigoda chake kifupi, akaketi katikati, akatandaza gazeti mapajani. Sindano alipanda ngazi na kumwaga ndoo tatu za maji juu ya paa, moja baada ya nyingine. Kisha walisubiri. Gazeti likipata tone moja tu, kazi ilianza upya.

"Anayelala chini ya hema hawezi kuketi na ndoo mkononi," mama alikuwa akisema. "Afadhali nilowe mimi kwanza."

Jumatatu hiyo waliogesha hema jipya la turubai la pamba. Lilikuwa la zahanati. Chumba cha chanjo kilikuwa kinatengenezwa, na Jumamosi kina mama wangeleta watoto wachanga. Mvua za msimu zilikuwa zimeanza. Sindano alimwaga ndoo tatu, na gazeti la mama likabaki kavu.

"Limepita!" mama alisema, akapiga kofi moja. "Nesi mkuu akija Jumatano, achukue na kwenda zake."

Jumanne mama alikwenda kutafuta kamba za hema. Paa lilikuwa limetandazwa juu ya mkeka karibu na cherehani, likisubiri kukunjwa. Sindano alifika kwenye kazi yake ya tatu akiwa na njaa. Badala ya kuzunguka, alinyoosha mkono juu ya turubai. Mkebe ukamponyoka. Mafuta yakamwagika, yakaacha doa jeusi, pana kama sahani.

Haraka alichukua beseni, sabuni ya unga na brashi, akasugua. Doa lilitoka. Lakini sasa palikuwa na duara jeupe linalong'aa katikati ya turubai lenye rangi ya vumbi. Akasugua pembeni ili lifanane. Duara likakua. Akasugua tena. Mwishowe alijikuta amefua paa zima, vipande vyote vinne, jasho likimtiririka puani.

Sindano alikuwa amemwona mama yake akisafisha mahema ya wateja mara nyingi. Hakutumia sabuni hata siku moja. Alitumia brashi kavu tu. Sindano alidhani anabana matumizi ya sabuni. Akamwagia paa ndoo moja ya maji, povu likapungua, akaona yatosha. Jua lilikuwa kali. Mama aliporudi jioni, paa lilikuwa limekauka na kukunjwa vizuri kama barua.

Jumatano nesi mkuu alifika. Alikuwa mama mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na vilio vya watoto.

"Fundi, nasikia huwa unaketi chini ya mahema yako ukimwagiwa maji. Leo nataka kuketi mimi."

"Tumeshaliogesha, nesi. Lakini karibu, kigoda hicho."

Hema likasimamishwa. Nesi akaketi, akalitandaza gazeti kwa madaha. Sindano akapanda ngazi na kumwaga ndoo ya kwanza. Safari hii maji hayakuteleza juu ya turubai kama siku zote. Yalizama. Turubai liliyanywa kama mtu mwenye kiu, kisha likaanza kudondosha matone chini, moja, mawili, kumi.

Nesi alitoka mbio, kitambaa chake cheupe cha kichwani kimemganda usoni.

"Fundi! Mimi nimekuja kuchukua hema, sikuja kuoga!"

Mama alisimama kama aliyepigwa kofi. Aliingia chini ya hema, akainua uso, akaacha matone yamwangukie.

"Nesi, sijui niseme nini. Juzi lilikuwa kavu kabisa."

"Nakuamini. Lakini Jumamosi sitawaambia watoto kwamba juzi lilikuwa kavu. Wengine wana wiki sita tu." Nesi alijifuta uso, akapunguza sauti. "Likiwa halijawa tayari Jumamosi asubuhi, nitachukua lile la plastiki kwa jirani zetu. Ndani yake ni tanuri, lakini halivuji."

Alipoondoka, mama alimgeukia Sindano.

"Mwanangu, umeligusa hema hili?"

Ulimi wa Sindano uliitangulia akili.

"Sijaligusa, mama."

Mama hakuuliza tena. Alilivuta paa mezani, akachukua wembe, akaanza kufumua mshono wa kwanza. "Basi ni mkono wangu," alisema, kana kwamba anazungumza na uzi.

Alhamisi asubuhi mwalimu wa sayansi aliingia darasani na bakuli la maji. Wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Kwa-Nini, maana ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza kwa nini.

"Nani ana sindano?" aliuliza.

"Yupo dawati la tatu!" alijibu Redio, na darasa zima likacheka. Redio alikuwa rafiki wa Sindano, msichana asiyejua kuzima sauti yake.

Mwalimu aliilaza sindano ya kushonea juu ya kipande cha karatasi laini, akakiweka juu ya maji polepole. Karatasi ililowa ikazama. Sindano ya chuma ikabaki juu, imelala kwenye maji kama mtu kitandani.

"Chuma kinaelea!" walipiga kelele.

"Hakielei kama mti. Kimebebwa. Tazameni vizuri, maji yamebonyea chini yake kama godoro. Kwa nini?" Mwalimu alichora ubaoni duara moja kubwa lenye masikio mawili madogo. "Hii ni molekuli ya maji. Kubwa ni oksijeni, ndogo mbili ni hidrojeni. Oksijeni ni mchoyo. Huvuta elektroni upande wake. Kwa hiyo upande wake huwa na chaji hasi kidogo, na upande wa hidrojeni huwa na chaji chanya kidogo. Hasi na chanya hufanyaje?"

"Huvutana!" alisema Redio. "Kama ncha za sumaku!"

"Si sumaku, lakini mfano wako si mbaya. Upande chanya wa molekuli hii huushika upande hasi wa jirani yake. Ndiyo maana maji hushikamana yenyewe kwa yenyewe. Molekuli iliyo katikati ya bakuli huvutwa na majirani wa kila upande. Iliyo juu kabisa haina jirani juu yake, hivyo huvutwa chini na pembeni tu. Uso wa maji hukazwa kama ngozi ya ngoma. Huo ndio mvutano wa uso."

Aliita wanafunzi wanane mbele, akawapanga mistari miwili ya kutazamana, washikane mikono. Akalaza rula juu ya mikono yao. Ikabebwa.

"Ninyi ni maji. Redio, njoo. Wewe ni sabuni."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ukiona watu wameshikana lazima uingie katikati. Sabuni ndivyo ilivyo. Kichwa chake kinapenda maji, mkia wake unayakimbia, basi hukimbilia juu na kujipenyeza kati ya molekuli."

Redio alijipenyeza kwa mabega na viwiko, akicheka. Mikono ikalegea, rula ikaanguka sakafuni pwaa! Wakati huo huo mwalimu alidondosha tone la maji ya sabuni ndani ya bakuli. Sindano ya chuma ikazama papo hapo.

"Sindano amekufa maji!" walipiga kelele wa nyuma.

Sindano hakucheka. Aliinua mkono.

"Mwalimu, maji yakiwa juu ya kitambaa chenye vitundu vidogo, hiyo ngozi yake inaweza kuyazuia yasipite?"

"Vitundu vikiwa vidogo na nyuzi zisipopenda maji, inaweza. Kwa nini unauliza?"

"Basi tu, mwalimu."

"Na kitambaa kikiwa na sabuni?" mwalimu alijiuliza mwenyewe, akamtazama kwa makini. "Usiniamini mimi. Nenda kajaribu."

Alipofika nyumbani, mama alikuwa ameinama mezani. Mishono miwili ilikuwa imeshafumuliwa. Nyuzi zilirundikana mapajani mwake kama nywele za kinyozi. Sindano alizifahamu nyuzi zile. Mshono ule ulikuwa mzuri, hauna kosa hata moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama hakuinua uso. "Nimeutazama mshono huu mpaka macho yanauma, sioni tatizo. Na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Labda macho yenyewe yamechoka. Jumamosi ikipita nitaacha mahema. Mifuko nayo ni kazi. Mfuko ukivuja, mtoto haugui."

Sindano alichukua vipande viwili vya turubai kutoka kwenye mabaki aliyofagia, akaenda nyuma ya nyumba. Kimoja alikiacha kilivyo. Kingine alikifua kwa sabuni ya unga, akakisuuza mara moja, akakianika juani hadi kikauka. Kisha akavifunga kwa kamba kwenye midomo ya vikombe viwili, akamwagia kila kimoja kijiko cha maji.

Juu ya kikombe cha kwanza maji yalijikusanya, yakawa kibonge kinachong'aa, yakakataa kupita. Juu ya cha pili yalisambaa, yakazama, na tone likalia ndani ya kikombe.

Sindano aliketi chini. Hakuna mtu duniani aliyejua jambo hili ila yeye. Angeweza kuvimwaga vikombe na kunyamaza. Mama angeshona upya, hema lingevuja tena, na mama angeamini milele kwamba mkono wake umekwisha.

Alivibeba vikombe vyote viwili hadi mezani.

"Mama, acha kufumua. Mshono ni mzima. Ni mimi."

Wembe ulisimama. Sindano alieleza yote bila kupumzika: njaa, mkebe, doa, duara jeupe, sabuni. Kisha akamwonyesha vikombe. Mama alitazama cha kwanza, akatazama cha pili, akamtazama yeye.

"Jana nilikuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniambia nini?"

"Nilikuambia sijaligusa. Nilisema uwongo. Nisamehe, mama."

Mama alizipangusa zile nyuzi mapajani, zikaanguka sakafuni zote kwa pamoja.

"Hebu mwagia tena maji. Nataka kuona."

Sindano akamwagia. Kikombe kimoja kikakataa, kingine kikakubali.

"Mimi nilipofundishwa kazi niliambiwa turubai ni brashi tu," mama alisema polepole. "Nikakuonyesha brashi tu. Sikuwahi kuuliza kwa nini, wala sikukuambia kwa maneno. Hilo ni langu. Lakini kufua, na ule uwongo, ni vyako. Na leo utaitoa sabuni yako mwenyewe. Vua viatu."

Walianza kusuuza. Ndoo baada ya ndoo kutoka bombani, kipande baada ya kipande, wakikanyaga, wakikamua, wakimwaga. Redio alitokea mlangoni.

"Umekuja kusaidia au kutangaza?" mama alimuuliza.

"Vyote viwili, Fundi." Akakunja sketi, akashika ndoo.

Baada ya awamu ya pili povu halikuonekana tena. Redio alijitupa kwenye ngazi. "Tumemaliza!"

"Mimi nilisema hivyo hivyo Jumanne," Sindano alijibu. Alichota maji yaliyokamuliwa, akayatia kwenye bakuli. Akalaza sindano ya mama juu ya kipande cha karatasi, akaishusha taratibu. Ikazama kama jiwe.

"Sabuni bado imo. Tunaendelea."

Awamu ya tatu, ikazama. Ya nne, ikazama. Mikono ya Sindano ilikunjamana kama ya kikongwe, na mgongo wake ulilia. Awamu ya tano sindano ilisita kidogo juu ya maji, wakashusha pumzi, nayo ikazama kwa madaha.

"Inatudhihaki hiyo," Redio alinung'unika.

Baada ya awamu ya saba, Sindano aliishusha tena. Karatasi ikazama. Sindano ikabaki. Walisubiri, hakuna aliyethubutu kukohoa. Ikaendelea kulala pale, imebebwa, maji yamebonyea chini yake.

"Imekaa!" Sindano alipiga kelele, na Redio akatangaza habari hiyo mpaka mtaa wa pili.

Lakini mama alitikisa kichwa. "Sabuni imetoka, sawa. Ila imeondoka na nta ambayo turubai hupakwa kiwandani. Nyuzi sasa zinayapenda maji. Lazima tuzifundishe kuyachukia tena."

Ijumaa mama alishona upya mishono aliyoifumua. Mchana mawingu yalitanda, turubai likachelewa kukauka. Hata hivyo, alasiri Sindano alianza kulisugua kwa bonge la nta ya nyuki, ile ambayo mama aliipaka kwenye mishono tu, na mama akifuata nyuma na pasi ya mkaa ili nta iyeyuke na kuingia kwenye nyuzi. Giza lilipoingia walikuwa wamemaliza vipande viwili. Alfajiri waliamka na kuendelea. Waliposugua kona ya mwisho, mkokoteni wa zahanati ulikuwa umeshafika langoni.

"Hatujaliogesha," Sindano alisema.

Mama alitazama mkokoteni, akatazama anga. Tangu aanze kazi, hakuwahi kutoa hema bila kuliogesha. Akachukua kigoda chake kwapani na gazeti mkononi.

"Leo litaogea huko huko."

Pale zahanati, kina mama wapatao ishirini waliingia chini ya hema, watoto wamefungwa vifuani. Nesi mkuu alipanga sindano zake za chanjo na mizani. Alimsalimia Fundi vizuri, lakini jicho moja lilikuwa juu ya paa. Plastiki ya jirani ilikuwa imekunjwa pembeni, tayari.

Ngurumo ikasikika. Kina mama wakawakumbatia watoto. Mama aliweka kigoda katikati kabisa ya hema, akamgeukia Sindano.

"Keti."

"Mimi, mama?"

"Wewe ndiye uliyelifua, na wewe ndiye uliyelisuuza. Keti."

Sindano aliketi. Macho ya hema zima yalikuwa juu yake. Alitandaza gazeti mapajani, akainua uso.

Mvua ilishuka kwa kishindo kama mbegu zinazomwagwa juu ya sinia. Watoto wawili wakaanza kulia. Sindano aliona vivuli vya maji juu ya turubai, vikijikusanya, vikiviringika, vikiteremka ukingoni na kumwagika nje kama shanga zilizokatika uzi. Molekuli zimeshikana mikono, aliwaza, na safari hii hakuna wa kuzitenganisha. Alisubiri tone la kwanza. Alisubiri mpaka shingo ikauma.

Mvua ilipopungua, nesi mkuu alikuja akalichukua gazeti mapajani mwake. Akaligeuza huku na huku, akalipapasa, kisha akaliinua juu na kusoma kwa ile sauti yake kubwa:

"Bei ya mbolea yashuka! Jamani, habari ni ya mwaka jana, lakini ni kavu kama imetoka kuchapwa leo!"

Hema zima lilicheka, na mama mmoja akapiga vigelegele. Nesi aliipiga teke plastiki ya jirani. "Irudisheni kwa wenyewe. Mtoto wa kwanza, njoo mizani!"

Njiani kurudi nyumbani, Sindano alibeba kigoda. Matope yalikuwa yakinata viatuni, lakini alitaka kuruka kwa furaha.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Mafuta humwagika, mwanangu. Kwa doa ningekusamehe Jumanne ile ile, na sabuni tungeitoa mapema bila kufumua mshono wowote. Lakini ulipodanganya, mimi niliacha kuuamini mkono wangu ulionilisha miaka yote hii. Uliona sabuni ilivyofanya kwenye maji? Uwongo nao ni hivyo. Ni kidogo, hauonekani, unaingia kati ya watu wanaoshikana, na paa lote linaanza kuvuja." Akamshika bega. "Ukishaingia, kuutoa ni kazi. Ulisema kweli wakati hakuna aliyekulazimisha, kisha ukasuuza mara saba. Kwa hayo mawili, nakuamini tena."

Jumatatu, baada ya kazi zake tatu, Sindano aliandika kwenye kipande cha ubao na kukipigilia ukutani juu ya cherehani: TURUBAI HALIFULIWI KWA SABUNI. Chini yake, kwa herufi ndogo, akaandika sababu yote, pamoja na mchoro wa duara moja kubwa lenye masikio mawili.

Mama alisoma mpaka mwisho. Kisha akasimamisha hema jipya la wiki ile, akachukua ndoo ya kwanza, akapanda ngazi yeye mwenyewe.

"Fundi mdogo!" aliita kutoka juu. "Kigoda chako kinakungoja."